Vitufe vya Bi Zuhura

Jamani, leo nimemtia aibu mwalimu wangu. Kwa rangi ya kijivu tu.

Mnaijua ile programu ya simu niliyomtengenezea Bi Zuhura wa hapa Ng'ambo, auzie mikate yake ya kumimina? Chini ya skrini ina vitufe vitatu: cha kijani kuona oda, cha manjano kumpigia mteja, chekundu kufunga duka.

Jana nikaziona rangi zile za kitoto. Nikavifanya vyote kijivu, ndiyo mambo ya kisasa. Nikatia picha hapa hapa, mkanisifu.

Asubuhi napita kwake, mikate imejaa chini ya kawa. Imepoa.

"Shikamoo, Bi. Mbona hujauza?"

"Marahaba. Vitufe vyangu vimekwenda wapi, mwanangu? Nimeogopa kubonyeza, nisije nikafunga duka."

Nami, kwa ujuaji wangu: "Lakini Bi, si pameandikwa?"

Akainamisha uso. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Kusoma najua. Hizo herufi zako ndizo sizijui."

Huyu ndiye aliyenisomesha Kurani chuoni. Alinishika kidole juu ya alifu siku nenda siku rudi, mpaka ikaniingia, na hakunicheka hata mara moja.

Rangi nimezirudisha pale pale barazani kwake. Akanikatia kipande cha mkate, akaniambia nile, eti hakuna neno.

Picha ya jana nshaifuta. Ule uso wake nitaufutaje?