Anavua magari mapambo yauzike, mpaka lilipofika la mdogo wake

Saa moja na nusu asubuhi, Orlinda Maestas amelala chali chini ya gari dogo jekundu. Miguu iko nje, soksi moja ya kijivu, nyingine ya bluu. Juu ya uso wake taa ndogo imening'inizwa kwa kipande cha waya. Anafungua bomba la moshi ambalo mwenye gari alilifunga kwa fahari kubwa mwaka juzi, na ambalo sasa linamzuia kuliuza gari lenyewe.

"Linalia kama punda mwenye njaa," anasema kutoka huko chini. "Kijana alilipenda. Mteja akilisikia, hata bei haulizi."

Bomba linaachia. Analipokea kwa mikono miwili, anatoka nalo taratibu na kulilaza juu ya gunia. Kando yake liko bomba la zamani, lililokuja na gari kutoka kiwandani. Bahati nzuri mwenyewe hakulitupa, alilisahau tu kwenye banda la kuku. Orlinda analifuta kwa kitambaa, kinyesi cha kuku kwanza, kutu baadaye, kisha anarudi chini ya gari nalo.

Mama huyu mwenye umri wa miaka 61 ni mkazi wa Española, kaskazini mwa New Mexico, na kazi yake ni kuyarudisha magari yalivyokuwa. Wengine hupamba, yeye huvua. Kazi hiyo huifanyia nyuma ya yadi ya magari yaliyotumika ya Nestor Quintana, kwenye kibanda cha bati chenye meza moja, jiko la kuni na cherehani iliyofunikwa shuka.

Cherehani hiyo ni ya zamani zake. Yeye na marehemu mumewe, Gilberto, walishona viti vya mahameli kwa miaka ishirini na mbili. Nusu ya mahameli anayoing'oa leo, anasema, aliishona mwenyewe.

"Naijua mishono yangu. Naing'oa huku naisifu."

Nestor, mwenye yadi, ni mtu mnene anayependa kusimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Anasema bila Orlinda nusu ya magari yake yangeota majani.

"Kijana ananunua rimu za dola elfu mbili," anasema. "Akija kuuza gari, rimu zile zinamwongezea mia mbili, tena nikiwa nimeamka vizuri. Redio kubwa, milango imetobolewa. Vioo vya giza, mama wa watu anaogopa polisi. Mimi namwambia, mwanangu, ulilipia raha yako. Raha haihamishwi jina."

Orlinda ana kipimo chake, na ni chepesi. Anatazama matundu.

"Kitu kikitoka bila kuacha tundu, hakikupunguzii kitu. Kikiacha tundu, umelia. Mteja akiona waya mmoja umekatwa, anajiuliza huyu bwana amekata nini kingine nisichokiona."

Lakini bonde hili lina magari ya aina nyingine pia, yale yaliyoshushwa mpaka yakaribie kulamba lami, ambayo Jumapili jioni hupita barabara ya Riverside mwendo wa maiti. Kwa hayo hesabu hugeuka. Pampu za kulipandisha na kulishusha gari, rangi ya tabaka juu ya tabaka, usukani uliotengenezwa kwa mnyororo, vyote hivyo ndiyo bei yenyewe. Ukivitoa umebaki na gari kuukuu la kawaida.

Mwezi wa nane, mdogo wake Orlinda alimletea gari la namna hiyo.

Delfino Maestas, 54, aliendesha basi la shule mpaka kisukari kilipomfikia machoni. Daktari amemwambia kwamba majira ya baridi yakiisha atakuwa anaona mwanga tu, vitu hataviona. Gari lake ni Monte Carlo ya mwaka 1979, ya zambarau, rangi aliyoichanganya mwenyewe. Kwenye kifuniko cha buti imechorwa sura ya mama yao, Rosenda, aliyefariki mwaka 1996. Amevaa aproni. Mchoraji alikuwa makini, hata kifungo kilichokosekana begani alikiacha kikikosekana.

Delfino alikuwa na ombi moja.

"Dada, niuzie gari. Lakini iondoke wakati bado naona. Nataka nimwone mtu anayeiendesha ikitoka getini kwangu. Nisiambiwe na watu."

"Na mama?" Orlinda alimuuliza.

"Mama yuko kwenye buti. Nitamshusha nimpeleke wapi?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Katika bonde hili hakuna anayenunua gari lenye marehemu wa watu. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila kila mtu anaijua. Nestor anaieleza hivi: "Wewe uendeshe mama wa mtu, halafu ukutane na mwanawe kituo cha mafuta. Utamwambia nini? Shikamoo, mama hajambo?"

Kwa hiyo mnunuzi alitakiwa atoke mbali, naye akatokea, bwana mmoja wa Denver, mpole, mwenye viatu visafi. Walimpokea kwa heshima zote, na heshima hiyo nusura iwaharibie. Kwa kawaida ya huku, mgeni hutambulishwa kwa wakubwa kwanza. Walimpa kahawa na biskuti za mdalasini, kisha Delfino akamshika mkono akampeleka nyuma ya gari, akamjulisha kwa mama. Akamsimulia alivyougua, alivyolala siku tatu bila kusema, na wimbo ulioimbwa kaburini. Boneti ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Yule bwana alishika biskuti mkononi muda wote," Orlinda anakumbuka. "Hakujua kama inaruhusiwa kutafuna."

Hata hivyo alilipenda gari. Alisema atatoa dola 11,000, kwa sharti kwamba kifuniko kile kibaki kwao, wamwekee kingine, hata cheusi. Alisema hawezi kusimama kwenye taa za barabarani na bibi wa watu akiwatazama walio nyuma.

Nestor alifurahi. "Bi Orlinda, ni bolti nne! Hakuna tundu! Si ndiyo dini yako hiyo?"

Ni kweli, kwa kipimo chake mwenyewe hapakuwa na hasara. Sura ya mama ingetoka bila kuacha alama, ikatundikwa ukutani jikoni, na pesa zikaingia. Delfino ndiye aliyekataa.

"Mama hakuwahi kuwa na gari," alisema. "Unakumbuka, dada? Maisha yake yote alisimama barabarani na kikapu, anangoja lifti. Nilimchora kwenye gari ili atembee. Nikimtundika ukutani nimemrudisha kungoja."

Orlinda hakubishana naye. Bwana wa Denver alirudi kwao, akaacha namba ya simu.

Wiki zikapita. Pilipili zikaiva, mapipa ya kuzichomea yakaanza kuzunguka kila kona, mji mzima ukanuka moshi wake mtamu unaokwaruza koo. Hakuja mtu mwingine. Siku moja Delfino alimimina kahawa pembeni ya kikombe, akasema meza imesogezwa. Meza haikuwa imesogezwa. Kesho yake akampigia dada yake simu.

"Fungua hizo bolti. Mwite yule bwana."

Orlinda alianza Alhamisi asubuhi. Delfino alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia imeshushwa machoni. Bolti ya kwanza ilitoka kwa urahisi. Ya pili ilikuwa na kutu, ikabidi kuipaka mafuta na kungoja. Wakiwa wanangoja, waliona mtu anakuja kwa miguu kutoka upande wa mashamba, kitambaa cha kijani kichwani, vumbi mpaka magotini.

Alikuwa Eufelia Naranjo, mwenye umri wa miaka 74, mpishi mstaafu wa shule, mama wa ubatizo wa Delfino. Pikapu yake ilikuwa imekufa shambani na pilipili juu yake. Alikuja kuomba fundi. Alipoona kifuniko kimelegea alisimama.

"Mnampeleka wapi Rosenda?"

"Anabaki nyumbani, mama," Delfino alimjibu. "Gari inakwenda Denver."

"Denver kuna nini?"

"Kuna mtu mwenye pesa."

Eufelia alilizunguka gari lile polepole. Akainama, akafuta vumbi kwenye shavu la picha kwa ncha ya kitambaa chake.

"Huyu anataka kununua au kutuharibia biashara?" Nestor, aliyekuwa amesogea na kahawa yake, alimnong'oneza Orlinda.

"Nyamaza wewe," Orlinda akamwambia.

"Miaka ishirini nilimbeba huyu kila Jumamosi," Eufelia alisema. "Kwenda sokoni, kurudi. Alikuwa anaongea mpaka masikio yanauma. Sasa zamu yake anibebe. Delfino, mwanangu, nina dola elfu saba na mia tano za kununulia pikapu nyingine. Nipe hii."

Halafu Delfino akaanza kucheka.

"Mama, hii siyo gari ya shamba! Ukikohoa inagusa chini!"

"Na mimi siyo mrefu. Tutaelewana."

Mama wa ubatizo si mtu wa nje. Sheria ya bonde haikumhusu, ila hakuna aliyewahi kufikiri kwamba bibi wa miaka 74 angetaka Monte Carlo. Jambo moja tu lilibaki, na hilo lilitaka kuharibu yote. Eufelia alifungua buti akakuta pampu mbili na betri sita.

"Toa haya madude."

"Hayo ndiyo gari, mama!" Delfino alisimama. "Ukitoa pampu umeiua. Haitainama tena. Hata bei inashuka, muulize dada."

"Inashuka," Orlinda alithibitisha.

"Namuuzia nani, mimi? Nikifa mtagombana nyinyi. Magunia ya pilipili nitaweka wapi, kichwani?"

"Magunia mangapi?" Orlinda aliuliza.

"Mawili. Matatu mwaka ukiwa mzuri."

Orlinda alichukua futi ya cherehani, akapima buti. Akapima tena. Pampu ya nyuma ikitoka na betri nne zikitoka, magunia mawili yanakaa, na ya mbele inabaki. Gari halitapanda wala kuruka. Lakini pua yake itaweza kushuka mpaka chini na kuinuka tena, kama mtu anayeamkia.

"Linainama?" Delfino aliuliza.

"Linainama."

"Na gunia la tatu?" aliuliza Eufelia.

"Kiti cha mbele, mama. Ulifunge mkanda."

Nestor aliiweka kahawa yake chini ili apige hesabu kwa vidole. Wamepoteza dola elfu tatu na mia tano za Denver, alisema, ili wampe gari mtu ambaye kitu cha kwanza anachofanya ni kulishusha thamani. Orlinda alimwambia ndiyo, ndivyo ilivyo, kisha akairudisha bolti ya kwanza na kuikaza, maana ya pili ilikuwa bado haijatoka.

Kazi ilimchukua siku tatu. Springi za nyuma za kiwandani zilikuwepo, kwa sababu Delfino ni mdogo wake na hathubutu kutupa springi. Pampu iliyotoka ilisafishwa, ikafungwa kwa shuka kuukuu na kuwekwa kwenye sanduku la matofaa chini ya meza. Hiyo ndiyo desturi ya Orlinda kwa kila mteja. Kitu kilichotoka hakipotei.

Jumapili, baada ya misa, Delfino alikaa kwenye kiti getini kwake, amevaa shati jeupe. Eufelia aliketi nyuma ya usukani, kidevu kikiwa usawa wa mnyororo. Gunia moja lilikuwa kando yake, limefungwa mkanda. Alikuwa ameagizwa ainamishe gari akifika getini. Alipofika getini alibonyeza swichi ya taa. Akabonyeza ya kufuta kioo. Gari likatoka, likakata kona, na lilipokuwa katikati ya barabara ndipo pua ikashuka ghafla, mbwa wa jirani akakimbia na magari mawili yakasimama. Kifuniko cha buti kikaelekea getini, Rosenda akiwa na aproni yake, kifungo kimoja hakipo.

"Nimeona," Delfino alisema. "Kitambaa cha kijani. Nimeona vizuri kabisa." Baadaye aliomba apelekwe ndani.

Tangu hapo macho yamezidi kupungua. Sasa anamtambua dada yake kwa sauti kabla ya sura. Orlinda hupita kila jioni, hupika maharage, hukata kucha za mdogo wake, humsimulia gari limeonekana wapi. Limeonekana sokoni. Limeonekana nje ya kanisa. Limeonekana njia ya Chimayó limebeba ngazi juu.

Mpango wa Orlinda ni wa Ijumaa Kuu, siku ambayo magari yote ya bonde hutoka pamoja. Ameshakubaliana na Eufelia apite mbele ya nyumba ya Delfino, kiti kitakuwa getini, na safari hii ainamishe gari mahali panapostahili. Huenda wakati huo Delfino atakuwa haoni kitu. Orlinda anasema pampu ile ya mbele ina mlio wake, na Delfino, aliyeifunga mwenyewe, ataujua.

Kabla ya hapo kuna kazi moja. Eufelia haoni vizuri juu ya usukani, anaendesha kwa kubahatisha. Orlinda amefunua cherehani. Atamshonea mto wa kukalia, wa mahameli ya zambarau, na kuushikiza kwenye kiti kwa vifungo vinane ili usiteleze.

"Vifungo vinaacha matundu?" anaulizwa.

"Manane," anasema.

"Vitapunguza bei?"

"Vitapunguza." Anachukua spana, anarudi chini ya gari jekundu, soksi ya kijivu na ya bluu. "Kitambaa nimeshanunua."