Chupa za Miche Zilizotiwa Maua ya Wageni

Saa nne asubuhi, upepo wa Kitengela unarusha vumbi, lakini madirisha ya darasa hili yamefungwa na nyufa zake zimezibwa kwa matambara yaliyoloweshwa. Jentrix Amolo anapitisha kisu kwenye moto wa spiriti, kisha anakata kiini cha chipukizi la mgomba, kipande kidogo kama punje ya mahindi.

"Msiongee," anawaambia wanafunzi wa kidato cha tatu. "Mate yenu yako na vijidudu."

Kipande hicho kinaingia katika chupa ya jemu iliyochemshwa, juu ya chakula cha mmea kilichoganda kama jeli. Kikishika, kitazaa miche mingi isiyo na ugonjwa.

Mwalimu huyu wa kilimo, mzaliwa wa Siaya, anaanza upya. Muhula uliopita, rafu za darasa zilijaa chupa zenye miche ya kijani, kazi ya miezi mitano. Mwanafunzi wake, Nailantei Meitamei, alikuwa ameahidiwa miche ya kwanza. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa babake, naye mzee akachimba mashimo ya migomba karibu na kisima chao huko Isinya, akangoja.

Kisha shule ikapata wageni. Siku hiyo Jentrix alikuwa amempeleka mwanawe hospitali. Aliporudi alikuta chupa zake kwenye meza za wageni, zimeoshwa, zimetiwa maua ya dukani.

"Nilienda ofisini kuuliza nani alimwaga miche yangu," anasema.

Anakumbuka alivyojibiwa na naibu wa mwalimu mkuu: "Si yalikuwa majani madogo tu, madam? Utapanda mengine."

Nailantei alikwenda kwenye shimo la taka, akaokota miche miwili na kuifunga kwa karatasi yenye maji. Ilinyauka kabla ya kengele ya mwisho.

"Nilimwambia baba imekufa," anasema msichana huyo. "Hakuuliza imekufa aje. Alichukua jembe akafukia mashimo."

Hakuna aliyeomba msamaha. Jentrix aliomba uhamisho, akanyimwa. Siku hizi chupa hulala ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo huuvaa shingoni. Miche hii ikikomaa, anapanga kuipeleka Isinya yeye mwenyewe.

"Nitamwomba Mzee Meitamei achimbe tena," anasema. "Sijui kama atakubali. Mimi nisingekubali."