Sega la Kisikini

Miaka arobaini na mmoja Esteri wa Kitahana alikaa benchi la nyuma kanisani. Alitoroshwa na Kipriani, mrina asali, wakazaa saba, wakajenga, na ndoa ya kanisani ikabaki jambo la kesho. Anayeishi na mume bila ndoa hapokei komunyo. Wenzake wakipanga mstari, yeye alibaki kutazama visigino vyao. Visigino vya kijiji kizima alivijua.

Mwaka huu akamgeukia Kipriani, akasema basi. "Baba Nduwayezu, tunafunga ndoa."

"Tufunge. Mimi nipo."

Mambo yakaharibika kwa katekista. Aliuliza, "Mzee, unaamini Mungu yupo?" Ni swali ambalo watu hulijibu kabla halijaisha. Kipriani akafikiri mpaka kuku wakaingia ndani, wakatoka.

"Sijui," akasema.

"Hujui!"

"Sijamwona, na sijaona mahali alipokosekana. Nikisema ndiyo, nimekudanganya."

Katekista akafunga daftari. Hakuna ndoa.

Njiani Esteri alitangulia kwa hatua za kasi, na hilo lilimtisha Kipriani kuliko nyuki. Walipofika nyumbani akalipuka. "Neno moja tu! Ungesema ndiyo ungekufa?"

"Asali yangu imewahi kutiwa maji?"

"Haijawahi."

"Haya basi."

Kilichomuuma Esteri ni kwamba alimpendea hilohilo.

Asubuhi akamfuata porini, maana ugomvi ulikuwa haujamwisha. Kipriani akashusha mzinga, akakata sega la kwanza, zuri kuliko yote, akaliweka juu ya jani kwenye kisiki, kama alivyofanya baba yake. Akapiga makofi mawili taratibu, kama mtu anayemwamkia mkubwa.

"Unampa nani?"

"Sijui."

"Miaka yote hii?"

"Sijawahi kurudi nalo nyumbani."

Esteri akacheka mpaka nyuki akamchoma shingoni, na bado akacheka. Siku hiyohiyo, shingo imevimba, akampita katekista mlangoni bila salamu na kuingia kwa padri mwenyewe. Akaeleza yote.

Padri, kijana wa Buhigwe, akauliza jambo moja. "Mzee amewahi kukuzuia kusali?"

"Ndiye anayeniamsha Jumapili!"

"Basi aje, mama. Ruhusa nitaiomba mimi kwa askofu. Wanaoitikia ndiyo ninao wengi. Huyu angalau ameulizwa akafikiri."

Siku ya ndoa padri akauliza, "Mmekuja kwa hiari yenu?"

"Kwa hiari na kwa miguu, Padri," Kipriani akajibu, "ila viatu vinabana."

Kanisa zima likacheka. Kisha Esteri akainuka, akapanga mstari. Safari hii wengine ndio waliotazama visigino vyake, na alikuwa amevisugua kwa jiwe tangu Alhamisi.

Nje, Kipriani akamkabidhi jani lililofungwa. Ndani mlikuwa na sega la kwanza la mzinga aliorina asubuhi ile. "La leo najua la nani."

Macho yakamlowa Esteri, akayafuta kwa hasira. "Lirudishe! Unataka kudhulumu haki ya mwenyewe siku ya harusi yangu?"

Wageni wakasubiri. Wawili hao wakapanda porini, gauni jeupe likikusanya mbigiri, wakaliweka sega kisikini, wakapiga makofi pamoja.

"Ukimjua ni nani, utaniambia," Kipriani akasema.

"Nakuambia mwaka wa arobaini na moja huu, na husikii." Esteri akamshika mkono. "Twende, wali unapoa."