Damu ya Mama Ikram

Tatu binti Sadala wa Mashewa hajui kudanganya. Akikupimia mahindi hujaza debe mpaka yamwagike, nasi majirani tunamcheka. Uongo wake ni mmoja tu maishani, na si yeye aliyeutunga.

Mdogo wake, Mwanaidi, alifariki siku tatu baada ya kujifungua. Tatu hakuwa na mtoto. Wazee wakakata shauri palepale matangani: kichanga ni chako, na asisikike mtu akimwita yatima. Kwetu Wazigua mtoto wa mdogo wako ni mwanao, kwa hiyo hatukuona uongo wowote. Tatu akawa Mama Ikram, sote tukafunga midomo.

Ikram alipofikisha miaka saba, miguu ikaanza kulegea. Kufikia kumi, Tatu alikuwa akimbeba mgongoni kama kichanga. Zahanati ilimpa dawa za minyoo, kisha vitamini, kisha pole. Mwaka jana tukasikia kuna watafiti wa magonjwa ya kurithi wamefungua chumba Kilole: wanachukua damu ya mtoto na ya mzazi, wanasoma vinasaba, wanaandika habari za ukoo mzima. Tatu alitaka kitu kimoja tu, jina la ugonjwa, maana bila jina hata dawa huwezi kuiulizia. Mimi Rukaya, jirani yake, nilimsindikiza.

"Mama, Ikram umemzaa mwenyewe?" aliuliza nesi Agripina.

Tatu alikuwa amempakata Ikram. "Nimemzaa mimi."

"Kwenu kuna mwingine aliyewahi kulegea miguu hivi?"

Tatu alinitazama. Mwanaidi alitembelea mkongojo miezi yake ya mwisho, tukasema ni mimba tu. Kumtaja kungeleta maswali mbele ya mtoto.

"Hakuna," akasema. Na mimi, msemaji wa Mashewa nzima, siku hiyo nikanyamaza. Najilaumu mpaka leo.

Baada ya miezi minane tukaitwa. Agripina alishika jalada bila kulifungua. "Mama, ingekuwa vizuri mtoto atoke nje kidogo."

"Atatokaje, nesi, na hatembei? Sema tu. Ugonjwa ni wake, na asikie jina lake."

Agripina akasema kwa sauti ya chini, "Damu inaonyesha hukumzaa."

Tatu akaeleza yote, ya Mwanaidi na ya mkongojo, huku macho yake yako sakafuni.

"Tumeona kasoro kadhaa kwenye vinasaba vya Ikram," alisema Agripina. "Ipi inayomuumiza, hatujui. Damu ya mama yake ndiyo ingetuonyesha. Ya mkongojo nitayaandika, lakini peke yake hayatoshi."

"Basi iko kaburini," alisema Tatu.

Agripina akachukua kalamu, akakata neno *mama* mbele ya jina la Tatu, akaandika *mlezi*. Ikram anajua kusoma. Aliifuata ile kalamu mpaka mwisho.

Tulirudi stendi kwa miguu, jua kali, Ikram mgongoni. Siku zote hulaza kichwa begani kwa Tatu. Siku hiyo alikaa wima, mikono kaikunja kifuani.

"Nishushe, mama mkubwa," akasema.

Tatu alilia bila kusimama. Hakumshusha. Angemshusha wapi, na miguu haina nguvu?