Nilipokuwa Karoli Mkuu wa Chumba cha Kufulia

Harufu ya sabuni ya unga iliyochanganyika na vumbi la moto ndiyo inayonirudisha Newburg, mtaa wa Louisville huko Marekani, katika chumba cha kufulia nguo cha jumba letu. Majira yale ya baridi Louisville iliganda hata ukitema mate yalifika chini yakiwa kokoto, na watoto wote wa Kikongo tulihamia mle ndani kwa sababu mashine za kukaushia zilitoa joto. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikitawala watu tisa kutoka juu ya mashine mbovu.

Ufalme niliupata kwa baba. Kule Kivu, Kongo, alikuwa mwalimu wa historia. Huku Marekani alifunga maboksi kwenye ghala la Jeffersontown, na Jumapili, akimenya vitunguu, alitufundisha habari za Charlemagne, yaani Karoli Mkuu, mfalme wa Wafranki. Karoli alikusanya wasomi, akaagiza shule kwenye monasteri, akataka vitabu vinakiliwe kwa herufi zinazosomeka. Halafu, bila kupunguza sauti, baba akaeleza jinsi Karoli alivyowashinda Wasaksoni, jirani zake wapagani, na kuwapa la kuchagua: ubatizo au kifo. "Bon, ndivyo Ulaya ilijengwa," alimalizia. Habari za shule ziliingia sikio hili zikatokea lile. Ubatizo niliudaka palepale.

Basi kila mgeni aliyetaka joto alipiga magoti, nami nikammwagia kikombe cha maji. Walicheka, wakakauka, wakawa Wafranki. Ndipo akaja Neema, Mrundi aliyelelewa kambini Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula, akimshika mkono mdogo wake wa miaka minne. Kwao hita ilikuwa imekufa.

"Weye Saksoni, piga magoti!"

"Mimi nimeshabatizwa. Mara moja inatosha."

"Donc mubaki inje!"

Wakabaki nje. Tuliwatazama kupitia kioo cha mlango, tukiigiza wanavyotetemeka. Mimi niliigiza vizuri kuliko wote. Mtoto alipoanza kulia, Neema alirudi, akapiga magoti mwenyewe. "Haya, dada. Lakini huyu aingie." Nikaweka kikombe chini, nikachukua ndoo. Nilimlowesha toka utosini hadi viatuni, nikamwingiza mdogo wake, kisha nikamsukuma yeye nje na kufunga mlango. Wafranki wangu walipiga makofi mpaka dari ikatikisika. Neema alilazwa hospitali wiki mbili, na hakunitaja kwa mtu. Familia yao ilipohamia Buffalo nilimshukuru Mungu, maana nilichoogopa kilikuwa fimbo ya baba tu.

Shule yenyewe niliimalizia ukubwani, masomo ya jioni, mjini Columbus. Huko nilisoma kwamba Karoli, uzeeni, aliweka vibao vya kuandikia chini ya mto wa kulalia ajizoeze herufi, na hakufika mbali. Nilicheka mpaka darasa zima likanigeukia. Insha yangu kuhusu urithi wake, shule, mwandiko na vitabu, ilisifiwa kana kwamba nimemzaa mimi. Wasaksoni niliwapa sentensi moja.

Mwaka jana nilimkuta Neema kwenye harusi ya binamu yangu huko Buffalo. Anaishi Cheektowaga, kando ya mji huo, anatunza wazee. Nilimwomba msamaha mbele ya meza nzima, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, na machozi juu. Alisubiri nimalize.

"Nimekusikia, dada," akasema. "Sasa nipishe, chakula kinapoa."

Utotoni nilijua la kumfanya mtu wa kunijibu hivyo. Leo nina cheti ukutani na maneno ya kujaza lori. Nilimpisha.