Shemeji Yangu Anataka Kwenda Nasi Likizo Diani, na Mimi Sitaki Hata Kumwona

Admin naomba unifichie kabisa jina, maana wakwe zangu wote wako humu na wanapenda hizi stori kuliko kula. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, fundi friji, naishi Mabawa hapa Tanga. Nina mke na watoto wawili, wa kiume ana miaka sita na wa kike mitatu. Kwetu ni Lushoto. Mke wangu ni Mdigo, na kama umeoa kwa Wadigo unajua mjomba kwa wale watu ni nani. Mtoto akiota jino, mjomba aambiwe. Akianza shule, mjomba aulizwe. Sina ugomvi na mila za watu, ila huyu kaka wa mke wangu jamani ananimaliza.

Ilianza Idi iliyopita. Tulikwenda ufukweni ukoo mzima, na masufuria ya pilau juu. Binti yangu alikuwa anacheza pembezoni, wimbi likamzoa akaangukia majini. Wa kwanza kumwona ni mimi. Nilikimbia, wallahi nilikimbia, lakini maji yaliponifika magotini miguu ikagoma. Sijui kuogelea. Nimekulia milimani, bahari nimeiona nikiwa na ndevu. Shemeji akanipita na kanzu yake ya Idi, akamnyanyua mtoto kama anaokota kopo. Maji yenyewe yalikuwa yanamfika shemeji kiunoni tu! Nikanyoosha mikono nimpokee mwanangu, akanigeuzia kisogo, akamng'ang'ania mjomba wake shingoni mpaka tunafika mkekani. Mama mkwe akasema, "Mwacheni na mjomba wake, ndiye aliyemtoa." Watu wakacheka, wakaendelea kula.

Basi nikaanza kudunduliza niwapeleke wanangu na mama yao likizo Diani, upande wa Kenya. Watu wamenicheka sana. Jirani yangu mmoja kila akiniona, "Yakhe, bahari ipo Raskazone hapo, ya Kenya ina sukari?" Nacheka naye tu. Sababu yenyewe sijamwambia mtu, hata mke wangu. Dada anayepangisha nyumba kule aliniambia kuna kijana anafundisha watu wazima kuogelea, kwenye bwawa la jirani. Nikapanga kila asubuhi, wenzangu wakiwa bado wanakunywa chai, mimi niko kwa mwalimu. Na kabla hatujarudi niingie baharini na wanangu, mmoja huku, mmoja huku. Hapa Tanga ningejifunzia wapi? Nikichovya kidole tu, jioni ukoo mzima unacheka.

Kila kitu nimepanga mimi. Nyumba yenye kivuli, ufukwe wenye maji yaliyotulia, hati za watoto za kuvukia mpaka pale Horohoro, mpaka chakula cha binti maana pilipili haigusi. Hakuna kukimbizana, ni kula, kulala na kuchezea mchanga. Wiki iliyopita nikawatangazia tukiwa tunakula. Wakafurahi, mkubwa akauliza kama anaruhusiwa kulala na kaptula ya kuogelea kuanzia siku hiyo. Mke wangu, huku anamchambulia mtoto samaki, akasema, "Nimeshamwambia kaka, tunakwenda naye."

"Kaka yupi?"

"Kwani miye nina kaka wangapi? Hawa watoto majini nani atawaangalia? Weye si huwezi, baba."

Watoto wakapagawa. Niliposema Diani walifurahi, aliposema mjomba walipanda juu ya makochi. Nasema kweli, naona wivu. Najua ni aibu mwanaume mzima kumwonea wivu shemeji yake, lakini unaniwasha kifuani tangu naamka.

Nikatunga uongo. Shemeji alipokuja nyumbani nikamwambia, na sura nimeikunja ya huzuni, kwamba mwenye nyumba hataki mgeni wa ziada. Akanipiga bega. "Hamna neno shemeji. Miye nna jamaa zangu kule, ntalala kwao. Mkiamka asubuhi mwanikuta ufukweni nawangoja wapwa zangu." Asubuhi hiyohiyo ndiyo niliyompangia mwalimu wangu, nitamtorokaje? Na ubaya wenyewe ni kwamba mtu huyu ni mwema. Hajawahi kunikosea hata siku moja. Angekuwa na kosa la kumshikia, ningepumua.

Jana wanangu walikuwa wanacheza safari ya Diani pale sebuleni, mkubwa anagawa kazi. "Mjomba atatubeba majini. Mama atapika. Weye utakuwa unapiga kelele." Mdogo akamuuliza, "Na baba?" Akafikiri kidogo, wala hakusema kwa ubaya. "Baba atatushikia kandambili."

Mke wangu huko jikoni alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka, kisha nikatoka uani nikajifanya nafungua friji ya mteja.

Tunaondoka wiki ijayo. Nikighairi, nitawaliza watoto ambao hawana kosa. Nikimkatalia shemeji waziwazi, mke ataniuliza kwa nini, nami nitamjibu nini? Nikimwambia ukweli kwamba nataka kujifunza kuogelea, kaka yake atajua kabla sijamaliza sentensi, na namjua atajitolea kunifundisha yeye mwenyewe! Hapo si bora nizame? Na nikienda hivi hivi, nitakaa mchangani natazama wanangu wakiizoea bahari shingoni kwa mtu mwingine.

Ndugu zangu, wa kunicheka nicheke, lakini baada ya kucheka mnipe ushauri. Sitaki wamchukie mjomba wao. Nataka tu binti yangu akiogopa anikimbilie mimi. Nifanye nini?