Gurudumu la Mama Parachichi

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikuambie kwa nini kila nikisikia mti unasuguana na mti, kwiii, kwiii, namkumbuka mwanamke mnene mwenye kichwa cha kokwa ya parachichi.

Alikuwa kikaragosi, jina lake Mama Parachichi. Mama yangu alimtengeneza kwa magome makavu ya mgomba, jikoni kwetu Bulyaga, siku za mvua yetu isiyojua kuaga. Wenzake walikuwa Bwana Mwavuli, aliyeogopa hata umande, na Fundi Kibogoyo, aliyejisifia kazi asizoziweza. Mama alimpa kila mmoja sauti yake, uji ukichemka, mimi na kaka yangu Lusajo tukicheka hadi tunapaliwa.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa sokoni na wanaume wengi wakakimbilia mpakani. Baba naye alikwenda. Mara ya mwisho alituletea viatu vilivyofungwa kwa karatasi ya gazeti la kigeni, yenye picha ya gurudumu refu kupita nyumba, watu wamekaa ndani yake wakipiga kelele. Alisema hiyo ni bustani ya michezo. Kisha akarudi mpakani, na safari hiyo akakawia.

Tukaamua kumjengea Mama Parachichi bustani yake, migombani, kati ya nyumba yetu na ya babu, mzaa baba. Ndogo tuliijenga kwa mianzi na matope, ya vikaragosi. Kubwa, ya watu, tuliijenga kichwani. Watu wangeingia kwa mdomo wa Mama Parachichi, wateleze tumboni mwake na kutokea Kisiba, chubwi, ziwani. Kwa Bwana Mwavuli wangepanda mwavuli unaozunguka, walowe wote isipokuwa yeye. Treni ya Fundi Kibogoyo ingeharibika kila kona ili abiria washuke waisukume.

"Sasa hiyo nani ataipanda?" nilimuuliza Lusajo.

"Watu wa Mbeya. Wale wanapenda kulipia shida."

Gurudumu letu dogo lilikataa kuzunguka, tukaliacha. Kesho yake, tulipotoka shule, lilikuwa linazunguka.

Hapo shaka ikaingia. Tulianza na Idi, mtoto wa fundi cherehani jirani yetu.

"Idi, nani kakutuma kwenye bustani yetu?"

"Anitume nani? Ningejua kunyoosha magurudumu, baiskeli ya baba ingekuwa inakwenda upande kama kaa?"

Tukamwachia. Lakini mambo yaliendelea. Bembea ikapata kamba mpya, mtelezo ukalainishwa. Anayekujengea bila kuombwa ana lake jambo, nilijiambia. Na nilikuwa na sababu ya kuogopa. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amemwambia mama mbele yangu, "Mume haonekani. Baba mkwe wako atakurudisha kwenu Suma, ujiandae." Mama aliendelea kumenya ndizi.

Basi tukajificha chini ya majani ya migomba tuone. Aliyekuja alikuwa babu. Alichuchumaa, akachonga kijiti, akakipachika kwenye gurudumu, akalizungusha. Nikaona wazi kwamba anaitengeneza bustani iwe yake, sisi tukishafukuzwa. Kisha akakohoa kwa nguvu na kuondoka, na mama akatokea upande wa pili.

Nikueleze taratibu, usipotee. Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya zamani, mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe wala hasemi naye. Wakikaribia kukutana njiani, mke huingia kichakani. Wengi walikuwa wameshalegeza, lakini babu na mama walishikilia. Kikohozi kile maana yake ilikuwa: naondoka, unaweza kupita. Hayo niliyajua. Nisichokielewa ni kwa nini mama alilizungusha lile gurudumu akitabasamu, kisha akaketisha juu yake kikaragosi kipya, kizee chenye masikio makubwa kama ya babu.

"Hawa wanapanga nini?" Lusajo alininong'oneza.

Jumamosi shangazi akaja na mfuko mtupu wa kufungashia nguo za mama. Mama akaanza kukunja kanga zake. Ndipo tukasikia kikohozi migombani, na mama akakimbilia nyuma ya mlango. Sauti ya babu ikaja, nzito, kama mtu anayesema na mimea.

"We Mama Parachichi! Nasikia unafungasha. Nani kakufukuza? Mimi sijamtuma mtu. Gurudumu lako limeniumiza mgongo, halafu wewe uende Suma? Kaa hapa. Huyo mwanangu akirudi, atakukuta."

Shangazi akaukunja mfuko wake.

Mama hakujibu, desturi haikumruhusu. Alisubiri kikohozi kiende mbali, akatoka na Mama Parachichi mkononi, akampandisha juu ya gurudumu na kulizungusha. Kwiii, kwiii, kwiii, kwa muda mrefu, mpaka kutoka nyumbani kwa babu tukasikia mzee anacheka peke yake.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ile bustani haikuwa yetu peke yetu. Wawili wasioruhusiwa hata kusalimiana walikuwa wakizungumza humo kila siku, mmoja kwa kijiti, mwingine kwa gome la mgomba, na sisi tuliona maadui tu.

Kwa hiyo, siku ukikuta kitu chako kimeguswa, kabla hujamtafuta mwizi, kizungushe kwanza uone kama hakizunguki vizuri kuliko jana.